Vipimo vya programu ndani ya faili lililopachikwa kwenye kumbukumbu: unafuu unatoka wapi, na unapotelea wapi

Programu inayohudumia watu wengi kwa wakati mmoja haina budi kujihesabu: imepokea maombi mangapi, mangapi yameshindikana, foleni imefikia urefu gani, jibu moja limechukua muda gani. Wanaoiendesha hawawezi kuisimamia bila tarakimu hizo. Shida ni kwamba kuhesabu nako ni kazi, na kazi hiyo hufanywa na prosesa ileile inayosubiriwa na mteja, kwa hiyo kipimo kilichotungwa vibaya kinaweza kuwa sehemu ya ugonjwa ambao kinadai kuuchunguza.

Njia zilizozoeleka zinatofautiana sura, lakini nyingi zina gharama ya aina moja. Programu inaweza kuandika mstari kwenye logi kwa kila tukio, au inaweza kutuma kipakiti kidogo cha mtandao (UDP) kwa mkusanyaji wa nje, kama ilivyozoeleka tangu kampuni ya Etsy ilipotoa zana ya StatsD mwaka 2011. Katika hali zote mbili programu inalazimika kuiomba kerneli (sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia mashine) iifanyie jambo, yaani kusimamisha maagizo yake yenyewe, kuvuka mpaka wa ulinzi, kusubiri kerneli ikague na kunakili data, kisha kurejea. Mwito mmoja wa namna hiyo huchukua mamia ya nanosekunde, na ukihusisha mtandao unaweza kuvuka mikrosekunde moja. Kwa huduma inayopokea maombi mia moja kwa sekunde hilo si neno. Kwa mfumo unaohesabu matukio 500,000 kwa sekunde, mikrosekunde moja kwa kila tukio ni nusu sekunde ya prosesa katika kila sekunde, yaani nusu ya kiini kimoja cha prosesa kinachoajiriwa kwa kazi ya kuhesabu tu.

Njia nyingine ni kuweka kaunta ndani ya kumbukumbu ya programu yenyewe, kisha kufungua mlango wa HTTP ili mkusanyaji aje kuuliza. Hapo kuongeza moja kunakuwa rahisi sana, kwani ni agizo moja la prosesa juu ya namba ambayo mara nyingi tayari iko karibu. Lakini majibu yanatoka kwa programu yenyewe. Ikikwama, haijibu; ikiuawa, tarakimu zinakufa nayo. Wakati ambapo mhandisi anazihitaji kuliko wakati mwingine wowote ndio hasa wakati ambapo hazipatikani.

Faili lililopachikwa kwenye kumbukumbu linaunganisha mambo haya mawili: urahisi wa kaunta ya ndani, na uwezo wa mtu wa nje kuisoma bila kumsumbua mwenye nayo. Katika Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix, programu hufungua faili, hulipa urefu maalumu, kisha huita mmap ikitaka lionekane kama eneo la kawaida la kumbukumbu na liweze kushirikiwa na michakato mingine, yaani programu nyingine zinazoendeshwa. Kuanzia hapo hakuna tena kusoma wala kuandika kwa njia ya miito. Programu inashika anwani na kuweka namba mahali hapo, kama inavyofanya kwa kigezo chochote. Kerneli huigawa kumbukumbu katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096, na ukurasa ulioguswa na mwandishi ni ukurasa uleule halisi anaoupata msomaji anayelipachika faili hilo upande wake. Hakuna nakala inayosafirishwa kati yao. Mara ya kwanza ukurasa unapoguswa kerneli huingilia kati ili kuuweka mahali pake. Baada ya hapo haihusiki tena, angalau kwa muda fulani, na maneno hayo ya mwisho tutayarudia.

Mita ya maji ukutani hufanya kazi kwa mtindo huohuo: haimpigii mtu simu kila lita inapopita, bali inazungusha tarakimu zake kimyakimya, na msoma mita ndiye anayebeba gharama ya safari. Gharama ya kukusanya vipimo haijaondoka. Imehamishiwa kwa msomaji, ambaye anaweza kuja mara moja kwa sekunde au mara moja kwa dakika bila mwandishi kujua kama amekuja.

Anayetaka kuiona mbinu hii kwa macho hahitaji kusakinisha chochote, mradi awe na mashine ya Linux inayoendesha Java. HotSpot, mashine pepe inayoendesha programu nyingi za Java duniani, huunda faili inapoanza kazi, ndani ya saraka inayoitwa /tmp/hsperfdata_ ikifuatwa na jina la mtumiaji. Jina la faili ni namba ya mchakato. Ukubwa wake wa kawaida ni baiti 32,768. Ukilifungua kwa programu inayoonyesha baiti moja moja utakuta linaanza na ca fe c0 c0, alama ya utambulisho, kisha mpangilio wa baiti, toleo la muundo, na baiti moja inayotangaza kama faili liko tayari kusomwa. Kichwa chote ni baiti 32. Baada yake zinafuata kaunta, kila moja ikiwa na jina lake, aina yake na thamani yake: sun.gc.collector.0.invocations inahesabu mara ambazo mkusanya taka wa kwanza (sehemu inayorudisha kumbukumbu isiyotumika tena) amefanya kazi, sun.gc.collector.0.time inajumlisha muda aliotumia, na java.threads.live inataja nyuzi (mikondo ya utekelezaji ndani ya programu) zilizo hai.

Ukiandika amri ya jstat -gcutil 4821 1000, zana hiyo hulipachika faili la mchakato 4821 na kulisoma kila baada ya milisekunde 1,000. Mchakato 4821 hauna habari. Haukupokea ombi, haukufungua uzi mpya, haukujibu lolote. Hata kama nyuzi zake zote zimeshikana na hakuna inayosonga, jstat itaendelea kuchapisha safu zake, na kule kubaki palepale kwa tarakimu kutakuwa ndiyo taarifa yenyewe.

Sasa, watu wawili wanaposhiriki ukurasa mmoja bila kuzungumza, swali la kwanza ni kama msomaji anaweza kuikuta namba ikiwa nusu ya zamani na nusu mpya. Kwa namba moja jibu ni jepesi: kwenye prosesa za biti 64 zinazotumika leo, uandishi wa baiti 8 zilizopangwa kwenye anwani inayogawanyika kwa nane hutokea wote kwa pamoja au hautokei kabisa. Ndiyo sababu miundo ya mafaili haya hujaza baiti tupu baada ya majina, ili thamani zikae mahali panapofaa.

Kwa muundo mzima wa faili jibu ni gumu zaidi, na namna Performance Co-Pilot, mfumo wa kukusanya vipimo, ilivyolitatua inafaa kutazamwa kwa karibu. Mradi huu, uliozaliwa ndani ya kampuni ya SGI na kutolewa kama programu huria mwaka 2000, una muundo wa faili uitwao MMV uliobuniwa mahususi kwa ajili ya programu zinazotaka kutoa vipimo vyao kwa gharama ndogo. Kichwa chake kina alama ya MMV, toleo, kisha namba mbili za kizazi za baiti 8 kila moja. Mwandishi anapoanza kulijenga faili huandika namba ya kwanza na kuiacha ya pili ikiwa haijalingana nayo. Anajaza orodha ya vipimo, vizio vyake, maelezo yake na nafasi za thamani. Mwisho kabisa ndipo anapoijaza namba ya pili ifanane na ya kwanza. Msomaji akikuta zimetofautiana anajua ujenzi haujakwisha na anaondoka. Programu ikianzishwa upya na kuandika faili jipya, kizazi kinabadilika, na msomaji anajua kwamba ramani aliyokuwa nayo imepitwa na wakati. Hakuna kufuli, na hakuna anayemsubiri mwenzake.

MMV ina jambo jingine linalostahili sifa: faili linabeba maana ya namba pamoja na namba. Linasema kama thamani ni kaunta inayopanda tu au ni hali ya sasa inayopanda na kushuka, na kama kizio chake ni baiti, milisekunde au idadi. Msomaji hakisii. Mwandishi anaweza pia kutia alama kwamba vipimo vyake vina maana wakati tu mchakato wake uko hai, ili mabaki ya mchakato uliokufa yasihesabiwe kama habari za leo.

Linabaki tatizo la namba mbili zinazotegemeana, kwa mfano jumla ya muda wa majibu na idadi ya majibu, ambazo msomaji huzigawanya apate wastani. Anaweza kuzisoma katikati, jumla ikiwa imeongezwa na idadi bado. Mifumo mingi huliacha kosa hilo lilivyo, na kwa maoni yangu iko sahihi, kwani jibu moja kati ya maelfu halibadilishi wastani wa dakika. Panapohitajika ukamilifu, mwandishi huweka namba ya mfuatano ambayo anaiongeza kabla na baada ya kuandika, na msomaji hurudia kusoma akiikuta imebadilika au ni witiri. Kerneli ya Linux yenyewe hutoa saa kwa njia hiyo: data ya wakati hukaa kwenye ukurasa unaoonekana na michakato yote, na programu huisoma bila kuingia kwenye kerneli. Hata hivyo kusoma saa huchukua makumi ya nanosekunde, jambo ambalo wengi hulisahau wanapolalamikia gharama ya vipimo. Anayepima muda wa kila ombi husoma saa mara mbili, na mara nyingi saa ndiyo ghali kuliko kaunta inayopokea matokeo.

Unafuu una adui mwingine ndani ya prosesa. Kumbukumbu husafiri kati ya viini vya prosesa kwa vipande ambavyo kwa kawaida ni vya baiti 64, na kaunta nane za baiti nane hukaa kwenye kipande kimoja. Nyuzi nane katika viini vinane, kila moja ikiongeza kaunta yake, zitanyang'anyana kipande hicho bila kukoma ingawa kwa mujibu wa msimbo hazishirikiani chochote. Aeron, maktaba ya kupitisha ujumbe kwa kasi kubwa, huipa kila kaunta baiti 128 kwa sababu hiyo, na huo si ubadhirifu. Isitoshe, nyuzi mbili zikiongeza kaunta moja bila agizo la kujumlisha lisilogawanyika, moja itafuta kazi ya nyenzake, kwa sababu kusoma, kuongeza na kurudisha ni hatua tatu. Suluhisho lililo nafuu ni kila uzi kuwa na kaunta yake na msomaji kujumlisha, yaani kuzidi kumtwisha msomaji.

Katika ulimwengu wa Python mbinu hii iliingia kwa sababu tofauti. Kwa kuwa mkalimani wa Python kwa muda mrefu ameruhusu uzi mmoja tu kutekeleza msimbo kwa wakati mmoja, huduma za wavuti huendeshwa kwa michakato kadhaa chini ya msimamizi kama Gunicorn. Prometheus, mfumo wa kukusanya vipimo kwa kuuliza, inapokuja kuuliza, ombi lake hupokelewa na mchakato wowote uliokuwa huru, nao hujibu kwa hesabu zake peke yake. Dakika moja kaunta inasoma 900, inayofuata 310, kisha 870. Ndipo maktaba ya Prometheus ya Python ikapewa hali ambayo kila mchakato hupachika mafaili yake katika saraka inayotajwa na PROMETHEUS_MULTIPROC_DIR, yakiwa na majina kama counter_4821.db, na yeyote anayeulizwa husoma mafaili ya wote na kujumlisha. Kila ingizo lina urefu wa jina, jina lenyewe pamoja na lebo zake, nafasi za kujazia, kisha thamani. Msimbo wa Python hauwi na kasi ya nanosekunde moja kwa vyovyote vile, lakini hauiiti kerneli kwa kila tukio, na hicho ndicho kilichokuwa kikitafutwa.

Kujumlisha kunafaa kwa kaunta peke yake. Ukiwa na kipimo cha hali ya sasa, mathalani maombi yanayoshughulikiwa, lazima uamue: ni jumla, ni kikubwa zaidi, au ni cha michakato iliyo hai tu? Maktaba inamtaka mtumiaji achague, na inafanya vyema kumlazimisha afikiri. Faili la kaunta la mchakato uliokufa, kwa upande wake, haliwezi kufutwa katikati ya kazi, kwa sababu jumla ingerudi nyuma na kaunta hairuhusiwi kurudi nyuma. Kwa hiyo msimamizi anayebadilisha wafanyakazi wake kila baada ya maombi elfu kadhaa huacha mafaili yakiongezeka siku nzima, na kila swali la Prometheus linalazimika kuyapitia yote hadi huduma itakapoanzishwa upya na saraka kusafishwa.

Mtego mkubwa kuliko yote uko pengine. Faili lililo kwenye diski hubaki kuwa faili la diski hata likionekana kama kumbukumbu. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, kazi ya nyuma huamka kila sekunde 5 kutafuta kurasa zilizobadilishwa, na ukurasa uliobadilika kwa zaidi ya sekunde 30 hupelekwa kwenye diski. Kerneli inapoanza kuuandika huufunga tena usiandikwe na programu, ili iweze kutambua badiliko litakalofuata. Programu, isiyojua lolote, inakuja kuongeza moja. Agizo linakwama, kerneli inaingia, na kabla ya kuufungua ukurasa inapaswa kusahihisha muda wa mwisho wa kubadilishwa kwa faili. Kwa mfumo wa mafaili wenye jarida (daftari la mabadiliko yanayoandikwa kwenye diski) kama ext4, sahihisho hilo linahitaji nafasi katika muamala wa jarida. Ikiwa wakati huohuo mchakato mwingine unamwaga data nyingi kwenye diski hiyohiyo, jarida lina foleni, na uzi uliokuja kuongeza moja unasimama kwenye foleni hiyo.

Mwaka 2015 mhandisi Evan Jones alieleza tukio la aina hii ambalo kulichunguza kulichukua miezi minne. Programu za Java zilikuwa zikisimama kwa mamia ya milisekunde wakati wa kukusanya taka, bila dalili kwamba mkusanyaji mwenyewe alikuwa na kazi nyingi. Chanzo kilikuwa hsperfdata. Mashine pepe husahihisha kaunta zake za ukusanyaji taka wakati nyuzi zote za programu zimesimamishwa, na uzi mmoja ukikwama kwenye ukurasa wa faili la takwimu, programu nzima inakwama pamoja nao. Dalili ya ugonjwa huu kwenye logi ya mkusanya taka ni muda halisi uliozidi kwa mbali muda wa prosesa: kazi ilikuwa ndogo, kusubiri ndiko kulikokuwa kukubwa. Anayetazama wastani hatauona kamwe, kwa sababu maandishi milioni yalipita kwa nanosekunde na moja ndilo lililochukua robo sekunde.

Dawa yake ni kuliweka faili mahali pasipo na diski. Mfumo wa mafaili wa tmpfs hukaa ndani ya kumbukumbu, hauna jarida, na kurasa zake hazipelekwi kwenye diski na ile kazi ya nyuma. Aeron huweka mafaili yake chini ya /dev/shm katika Linux tangu awali. HotSpot hutumia /tmp, hivyo tiba ni kuifanya /tmp iwe tmpfs, kama Fedora ilivyofanya kuanzia toleo la 18. Anayeshindwa kufanya hivyo anaweza kuongeza -XX:+PerfDisableSharedMem, na mashine pepe itaweka takwimu katika kumbukumbu yake ya faragha; ndivyo hifadhidata ya Apache Cassandra inavyokuja katika mipangilio yake. Bei ni kwamba zana za jps na jstat hazitauona tena mchakato huo. Kwa anayekusanya vipimo vya Java kwa JMX, njia nyingine ya Java ya kutoa takwimu zake, hiyo si hasara. Kinachopotea kwa kuhamia tmpfs ni uwezo wa faili kubaki baada ya mashine kuzimika, jambo ambalo faili la diski nalo halikuwa likilihakikisha kwa sekunde 30 za mwisho. Mchakato ukiuawa bila mashine kuzimika, faili la tmpfs linabaki na tarakimu zake za mwisho.

Kwa wanaotumia kontena kuna mambo mawili ya kuangalia. Ndani ya kontena mchakato mkuu hujiona kuwa namba 1, kwa hiyo kontena mbili za Java zinazoshiriki /tmp moja na mtumiaji mmoja zitagombania jina moja la faili. La pili ni nafasi. Docker, zana ya kuendesha kontena, huipa /dev/shm megabaiti 64 isipoambiwa vinginevyo, ilhali maktaba ya Python huunda faili kwa kila aina ya kipimo na kwa kila mchakato. Michakato 16 yenye aina tatu za vipimo ni mafaili 48, na wafanyakazi waliobadilishwa huacha yao. Siku ya kwanza hakuna linaloonekana, kwa sababu tmpfs hutoa kurasa zilizoguswa tu, si urefu ulioandikwa. Nafasi ikiisha, kosa halirudi kama jibu la mwito, maana hakuna mwito uliofanyika. Programu inapogusa ukurasa usioweza kupatikana hupokea ishara ya SIGBUS na kufa papo hapo, katikati ya kuongeza moja. HotSpot hulikwepa hilo kwa kuandika kitu kidogo kwenye kila ukurasa wa faili lake kabla ya kulipachika, na nafasi isipotosha hutoa onyo na kuendelea bila kushiriki takwimu zake na mtu yeyote.